Paneli Haikufa, Betri Ndiyo Iliyokufa
(Hotuba kwa mafundi wa sola, wavuvi na wanafunzi, Kisumu)

Itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo kimoja kimoja, jua litatua kabla sijafika kwa betri, na leo jua ndilo mgeni wetu wa heshima. Amosou nyote: wavuvi na akina mama wa omena kutoka Dunga na Usoma, mafundi wa Kibuye, na ninyi wanafunzi mliobanana kwenye matatu kutoka Maseno na Bondo.

Nimeombwa nieleze utafiti wangu. Nyumbani Seme wazee huniuliza, "Daktari, wewe unatibu nini hasa?" Nami hujibu kwamba natibu betri, ila zinaletwa kwangu zikiwa zimeshakufa. Kusema kweli kazi yangu iko karibu zaidi na ya yule wa mochari. Naifungua maiti, naitazama kwa darubini, naandika kilichoiua.

Basi nianze na maiti moja ninayoijua vizuri. Mama yangu alinunua sola ya kulipa pole pole kwa simu: paneli, betri, taa nne na redio. Mwaka wa kwanza ilikuwa sherehe. Mwezi wa 14 taa zikaanza kufifia saa mbili usiku. Baada ya hapo zikawa zinawaka dakika tano tu, kisha giza. Jirani mmoja akasema paneli ni feki. Mwingine akasema jua la siku hizi limepungua nguvu. Akaitwa fundi, akagonga kioo kwa kucha kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akasema, "Mama, hii imechoka." Mama akaiuza paneli kwa kijana wa boda boda kwa shilingi 500.

Niliposikia nilimfuata yule kijana nikainunua tena kwa 800. Mpaka leo mama anasema mimi na masomo yangu yote nilipunjwa. Lakini ile paneli iko hapo nje, imelala juani kwenye nyasi. Kabla sijaingia ukumbini nimeipima: volti 19 na kitu, bila mzigo, yaani bila kifaa chochote kuunganishwa. Kwa paneli ya seli 36 iliyopata joto la mchana huu, hiyo ndiyo afya yake kamili. Haikuwa imechoka hata kidogo. Iliyokufa ni betri, na betri hakuna aliyeifikiria, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya boriti, chini kabisa ya mabati.

Kwa nini moja ife na nyingine ibaki? Hilo ndilo swali ambalo limenilisha miaka hii yote, na jibu lake ni fupi kuliko mnavyodhani. Ndani ya paneli vinavyotembea ni elektroni peke yake, zile chembe ndogo zinazobeba umeme. Ndani ya betri, atomu zenyewe zinahama nyumba. Anayepita barabarani haibomoi nyumba yako. Anayehamia na kuhama kila siku, na kitanda na kabati, siku moja atang'oa mlango.

Tuangalie paneli kwanza. Imetengenezwa kwa silikoni, na silikoni si kitu cha ajabu: zaidi ya robo ya uzito wa ganda la dunia ni hiyo hiyo. Mchanga mnaouchota mtoni kujengea umejaa silikoni iliyoshikana na oksijeni. Kazi ngumu ni kuwatenganisha, kuiyeyusha kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,400, kisha kuisafisha mpaka isibaki na uchafu wowote wa maana. Halafu inakatwa vipande vyembamba kama karatasi mbili tatu zilizopangwa pamoja.

Silikoni ni semikonda. Shaba hupitisha umeme wakati wote, kwa sababu elektroni zake zinazurura ovyo kama watu wa stendi. Kioo hakipitishi. Semikonda iko katikati: elektroni zake zimetulia mahali pake, lakini ukiipa nishati ya kutosha, moja inaruka na kuacha tundu.

Hapo kwenye tundu naomba tukae kidogo, maana ndipo wanafunzi wangu hupotea. Wanashangaa jinsi mahali patupu panavyoweza kutembea. Nami huwauliza kama wamewahi kucheza ajua na babu zao, au bao, ndugu yake wa pwani. Toa kete kwenye shimo, shimo limebaki tupu. Chukua kete ya shimo la jirani uijaze hapo: sasa jirani ndiye mwenye utupu. Jaza tena kutoka kwa anayefuata. Kete zimekwenda kulia, utupu umekwenda kushoto, ingawa hakuna mtu aliyeubeba. Fizikia yote ya semikonda imesimama juu ya ubao huo. Naamini mzee aliyecheza ajua miaka 50 chini ya mwembe ameelewa nusu ya somo kabla sijafungua mdomo.

Lakini kete zikirushwa ovyo zitarudi zilikotoka, na umeme hupati. Lazima pawe na mteremko. Hapa mafundi wa silikoni hufanya kama mama anavyofanya na apoth: sufuria nzima ya mboga, na magadi ya kubana kwa vidole viwili tu, na mboga yote inabadilika. Upande mmoja wa silikoni hutiwa fosforasi kidogo sana, ambayo ina elektroni moja ya ziada. Upande wa pili hutiwa boroni, ambayo imepungukiwa na moja. Pande hizo zinapokutana, mpakani unazaliwa mteremko wa umeme. Mwanga ukigonga, elektroni inaruka, na mteremko unaitelemsha upande mmoja tu, kama maji ya mto Nyando yanavyojua njia ya ziwani bila kuelekezwa na mtu. Inatoka kwenye waya, inapita kwenye redio, inarudi kwa mlango wa nyuma na kuingia kwenye tundu. Ubao uko vile vile ulivyokuwa. Hakuna atomu iliyosogea.

Ndiyo maana paneli nzuri hupoteza kama nusu asilimia tu ya nguvu zake kwa mwaka, na watengenezaji huthubutu kuidhamini kwa miaka 25. Inapokufa mapema, mara nyingi si silikoni iliyokufa. Ni maji yaliyoingia pembeni, ni waya uliooza, ni mtoto na kombeo lake.

Historia yake nitaipita mbio. Mfaransa Edmond Becquerel aliona mwanga ukizaa umeme mwaka 1839. Seli ya kwanza ya silikoni ya kufaa kazi ilitoka kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, mwaka 1954, ikigeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Zilizoko madukani leo zinafika 20 na kupita. Na msidanganywe na muuzaji atakayewaahidi 80. Mwaka 1961 wanafizikia Shockley na Queisser walipiga hesabu wakaonyesha kwamba seli ya aina moja ya semikonda haiwezi kupita karibu theluthi moja. Sababu ni kwamba mwanga wa nishati ndogo hauwezi kuirusha elektroni, nao mwanga wa nishati kubwa unairusha kupita kiasi, na ile ziada inageuka joto.

Na joto ni adui hata wa paneli, ingawa haliiui. Wati zilizoandikwa nyuma zilipimwa kwenye nyuzi 25. Juu ya mabati ya Kisumu, saa saba mchana, paneli inaweza kufika nyuzi 60. Kila nyuzi moja inayozidi inakula kama asilimia 0.4. Pigeni hesabu: nyuzi 35 mara 0.4, ni asilimia 14. Ile ya wati 100 inakupa 86 jua likiwa kali. Fundi, usiilaze paneli juu ya mabati kama godoro. Iinue upana wa kiganja ili upepo wa ziwani upite chini yake. Hapa kwetu karibu na ikweta jua liko utosini, kwa hiyo mtu angeweza kuilaza tambarare kabisa, lakini ipe mwinamo kidogo, nyuzi 10 au 15, mvua iioshe bure.

Sasa wavuvi. Baba yangu aliwavutia omena kwa karabai. Nakumbuka harufu ya mafuta taa kwenye shati lake, na jinsi alivyoipiga pampu huku mtumbwi ukiyumba, akiapa kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya viongozi wa dini. Leo wengi wenu mnaelea usiku wa giza la mwezi na taa za LED. Ile LED ni paneli iliyogeuzwa kinyumenyume. Kwenye paneli mwanga unairusha elektroni kutoka kwenye tundu. Kwenye LED unaisukuma elektroni irudi kwenye tundu, nayo inapoanguka inatoa mwanga. Ikianguka kimo kifupi, mwanga mwekundu. Kimo kirefu, mwanga wa buluu.

Nyekundu ilipatikana tangu miaka ya 1960. Buluu iliwashinda watu miaka 30 hivi, kwa sababu semikonda yenye kimo hicho, galiamu naitraidi, ilikuwa na tabu kubwa kuikuza iwe safi. Wazaliwa watatu wa Japani waliofaulu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na buluu ina umuhimu gani kwa mvuvi wa Dunga? Ukirudi nyumbani itazame taa yako ikiwa imezimwa. Utaona doa la manjano. Ile manjano ni unga uliopakwa juu ya LED ya buluu. Sehemu ya buluu inapita, sehemu inageuzwa kuwa manjano, na jicho linaziona zote mbili kama nyeupe. Omena naye, nadhani, hana habari kwamba anavuliwa kwa Tuzo ya Nobel.

LED nayo haihamishi atomu. Kwa hiyo usiku taa inapofifia majini, usiitupe taa. Mnajua sasa wa kumshuku.

Betri ya mama ilikuwa ya risasi, ile iliyozibwa. Mababu zake ni wa mwaka 1859, kazi ya Gaston Planté, na ndani haijabadilika sana: bamba la risasi, bamba la oksaidi ya risasi, na asidi ya salfa katikati. Ukitumia umeme, mabamba yote mawili yanageuka salfeti ya risasi. Ukichaji, yanarudi yalivyokuwa. Lakini salfeti ni kama sukari kwenye kopo. Ikiwa mpya ni laini, inayeyuka upesi. Iache ikae wiki tatu, inaganda kuwa jiwe, na hakuna chaji itakayoivunja. Nilipoifungua betri ya mama, kwa glavu na miwani, na tafadhali msijaribu jikoni, mabamba yalikuwa na ukoko mweupe uliokaza, na maji ya asidi yalikuwa karibu yamekauka.

Vitu viwili viliiua. Kwanza, mvua za Aprili: mawingu siku baada ya siku, na redio haizimwi, kwa sababu mama ana vipindi vyake vya Radio Ramogi asubuhi na jioni. Betri ikawa inalala tupu. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa na kutulia inasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kusimama, hata kama timu ya Gor Mahia inacheza. Pili, joto la pale juu ya boriti. Kwa kadirio tunalolitumia sisi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka, uharibifu wa kikemia unakimbia karibu mara mbili, na umri unakatika nusu. Betri ambayo ingeishi miaka minne sakafuni, kwenye kona ya sebule, ilipikwa juu kwa mwaka mmoja na kidogo.

Najua mafundi mtaniambia nini. Waya ukiwa mfupi ni nafuu, na betri ikiwa juu haiibiwi. Kweli. Lakini mita tatu za waya mnene zina bei gani ukizilinganisha na betri mpya?

Lithiamu je? Ndiyo iko kwenye simu zenu, na siku hizi kwenye taa nyingi za uvuvi. Sony ndio walioiuza kwanza, mwaka 1991, na Tuzo ya Nobel ya kazi hiyo ilikuja 2019, kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Goodenough alikuwa na miaka 97. Wanafunzi mnaolia kwamba matokeo yanachelewa, mmesikia.

Ndani yake upande mmoja ni grafiti, ile ile ya penseli, tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ukichaji, ioni za lithiamu, yaani atomu zake zenye chaji, zinatoka upande wa pili na kujipenyeza kati ya kurasa, na kitabu kinafura kama asilimia 10. Ukitumia, zinatoka, kinanywea. Tena na tena, usiku na mchana. Na juu ya grafiti panatanda utando, kama ule wa uji uliopoa. Utando huo ni wa lazima, ndio unaoilinda grafiti isiliwe na kimiminika cha ndani. Shida ni kwamba hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu. Joto linaunenepesha haraka. Simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi, utando wake unashiba. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utafiti, ukiondoa maneno makubwa ya kwenye ripoti, ni kuutazama huo utando.

Kuna lithiamu za aina mbalimbali. Ile ya fosfeti ya chuma, volti 3.2 kwa seli, ni nzito kidogo lakini ni mvumilivu na haishiki moto kirahisi. Kwa nyumba na mtumbwi ningechagua hiyo. Vijana wa Kibuye mnaotoa zile seli za 18650 kwenye betri kuukuu za laptopu, kipenyo milimita 18, urefu 65, nawasifu kwa ubunifu na nawaogopa kwa moyo wote. Hizo nyingi ni za aina nyingine, zinajaa kwenye volti 4.2. Ukiichaji ya fosfeti kwa chaja ya hizo unaiumiza. Na ukichanganya seli nzima na seli dhaifu kwenye pakiti moja, ile dhaifu itazidiwa kila siku mpaka ifure. Zipimeni moja moja, wekeni kifaa cha ulinzi, na iliyofura isirudi kazini hata kama "bado inashika chaji".

Mwanafunzi mmoja ameniandikia karatasi hapa: "Kenya haina migodi ya lithiamu, kwa nini tusitumie magadi?" Nani ameandika? Simama tukuone. Swali zuri sana. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na sodiamu ni binamu wa lithiamu, wapo safu moja kwenye jedwali la elementi. Betri za sodiamu zipo, zimeanza kuuzwa, na Ziwa Magadi lina sodiamu ya kutosha kupika apoth ya dunia nzima. Tatizo ni makazi. Ioni ya sodiamu haikai vizuri kwenye kurasa za grafiti. Inataka kaboni iliyovurugika, yenye vyumba vikubwa. Kaboni hiyo hutengenezwa kwa kuunguza mimea bila hewa, na makapi ya miwa yamo kwenye orodha. Ukipita Chemelil na Muhoroni unayaona yamerundikwa kama vilima. Mimi nayatazama kwa jicho la mtu mwenye njaa. Lakini kati ya rundo la miwa na betri inayoaminika pana miaka ya usafi na vipimo, na betri hiyo itakuwa nzito kuliko ya lithiamu kwa nishati ile ile. Kwa nyumba iliyosimama mahali pamoja, uzito si hoja.

Mtu mwingine ameuliza juu ya perovskaiti, seli mpya za sola zinazosifiwa kwenye habari. Ni kweli, mwaka 2009 zilianza na asilimia 3.8 na sasa maabara zinapita 26. Hakuna semikonda iliyokimbia hivyo. Ila ndani ya perovskaiti ioni zinatembea. Mmesikia? Ni paneli yenye ugonjwa wa betri, na unyevu wa ziwa unaimaliza haraka. Nazipenda maabarani. Juu ya paa la mama, bado.

La mwisho ni zito. Betri ya risasi ikifa, risasi haifi. Owino Uhuru kule Mombasa watoto walipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Phyllis Omido, mama aliyepigana mpaka kikafungwa, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Sitaki tuwe na Omido wetu kwa sababu tulikuwa na Owino Uhuru yetu. Msimwage asidi kwenye mtaro unaoshuka mto Kisat. Msiyeyushe mabamba kwenye sufuria kutengeneza vizito vya nyavu, nami najua wapo wanaofanya hivyo, na watoto wamechuchumaa kando wakiota moto.

Nimeongea vya kutosha, na jua linateremka. Tutoke nje. Nimeunganisha feni ndogo moja kwa moja kwenye paneli ya mama, bila betri. Mmoja wenu aweke kiganja juu ya seli moja tu kati ya zile 36, aifunike yote, na muitazame feni itakavyolegea. Seli zimepangwa foleni, na mmoja akisinzia wote wanasubiri. Hivyo ndivyo kinyesi cha wale korongo wakubwa wa Kisumu kinavyowafanyia juu ya paa, nanyi mnamlaumu aliyewauzia.

Ila iguseni polepole. Mama yuko mstari wa pili, amekuja na boda, na amesema haondoki hapa bila paneli yake.